Karakana ya Merikebu ya Dar es Salaam
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Temeke)



Zamani za Wadachi bandari yetu ilikuwa na karakana ya merikebu pamoja na gudi lenye kuelea. Agosti 1914, vita vilipoanza, Wadachi wenyewe walilizamisha gudi hilo mlangoni mwa bandari, ili manowari za Waingereza zisipate kuingia. Karakana ikabaki.

Tarehe 20 Septemba manowari yao, Königsberg, iliipiga Pegasus huko Unguja. Kisha mtambo wake ukaharibika, ikajificha katika midomo ya mto Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vilikokotwa kwa nchi kavu hadi karakana hii, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovikokota ni Waafrika. Manowari yenyewe iliangamia tarehe 11 Julai 1915.

Vitabu hututajia jina la nahodha, Max Looff. Majina ya waliovuta kamba hayatajwi. Ndugu zangu, sisi tu makarani, na kalamu ndiyo kazi yetu. Basi kila mwenye wazee upande wa Rufiji na awaulize jina la babu aliyekokota vyuma vile, aliandike, alilete katika chama.