Kwa nini matokeo ya kura yanatutia woga



Mnaniulizaga woga huu unatoka wapi. Unatoka mbali. Mwaka 1957 Élisabethville ilichagua wakubwa wa komini. Wengi wao asili yao haikuwa Katanga. Mwaka uliofuata Conakat ikaundwa. Mei 1960, katika Katanga yote, Conakat ikapata viti 8 vya bunge la taifa, Kartel ya Balubakat 7. Kiti kimoja tu! Mwaka 1992 Wakasai wakafukuzwa; baadhi yenu mlilala kwenye gare na watoto, mkingoja treni.

Tumepiga kura tena 2006, 2011, 2018, 2023. Mama mmoja bado anafunga vitu vyake kila matokeo yakikaribia. Simcheki. Kura ingine ikija, ofisi yetu itabaki wazi usiku ule.