Masimulizi Yarudi kwa Nani? Mshikamano wa Wanawake na Lugha ya Kiswahili



Nimeombwa nizungumzie mshikamano wa wanawake unaovuka mipaka ya nchi. Hoja yangu nitaijenga juu ya kitabu kimoja.

Katika miaka ya 1970, mwanahistoria Mmarekani, Margaret Strobel, alifanya utafiti Mombasa kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo. Utafiti huo ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1979. Mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza walitoa masimulizi ya maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, nayo pia kwa Kiingereza. Mwaka 1991 ndipo kilipotoka *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, chenye masimulizi hayo kwa lugha ya wasimulizi wenyewe.

Toleo hilo lina uzito gani? Kwanza, linagawa upya mamlaka. Kabla yake, msomaji wa Kiswahili hakuwa na njia ya kuihakiki tafsiri. Baada yake, mjukuu aweza kufungua ukurasa akasema, "Hapa bibi hakukusudia hivyo." Anayedai kushikamana na wenzake hana budi kujiweka mahali anapoweza kusahihishwa nao.

Pili, masimulizi hayo yanatukanya tusiseme "mwanamke wa Kiswahili" kana kwamba ni mmoja. Bi Kaje alitoka katika ukoo wa waungwana. Mishi alikuwa mzao wa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, lakini sheria haifuti kumbukumbu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haimhusu mgeni wa ng'ambo peke yake. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikimwendea mama wa shambani na kinasa sauti mkononi, ni mgeni vilevile, hata kama lugha yetu ni moja.

Hata hivyo, tusikipambe kitabu hicho kupita kiasi. Toleo la Kiswahili nalo lilichapishwa Marekani, mbali na mitaa ya waliosimulia.

Wanafunzi wangu, kazi hii itarudi kwa nani, na kwa lugha gani? Swali hilo liulizwe kabla ya kuwasha kinasa sauti, si baada ya kutunukiwa shahada.