Eropleni ya Kijapani Juu ya Dar es Salaam

Leo twataka kuwaelezeni jambo ambalo yamkini wengi wenu hamjapata kulisikia. Tarehe 19 Mei 1942, eropleni ya jeshi la manowari la Wajapani ilikuja kupeleleza Unguja na mji wetu wa Dar es Salaam. Haikuangusha bomu. Ilitazama, ikaenda zake.

Mtu atauliza, ilifikaje huku kutoka Japani? Ililetwa na nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji, nayo iliitwa I-30. Juu ya sitaha yake palikuwa na chumba cha chuma kisichoingiza maji, na ndani yake eropleni ndogo ya watu wawili, imefunguliwa vipande. Nyambizi ikiibuka, mafundi huiunga upesi, kisha hurushwa kwa mtambo mfano wa jiwe litokalo katika kombeo. Ikirudi hutua baharini juu ya maboya yake mawili, ikainuliwa kwa winchi. Mwendo wake haukuzidi kilomita 250 kwa saa. Lakini asiidharau mtu kwa udogo wake. Tarehe 9 Septemba mwaka ule ule, eropleni ya namna hiyo, rubani wake Nobuo Fujita, iliangusha mabomu ya moto katika msitu wa Oregon, huko Marekani.

Sasa, walitafuta nini kwetu? Walitafuta manowari za Waingereza. Kisa chake kilianza tarehe 10 Desemba 1941. Siku ile ndege kubwa za mabomu za Wajapani, zirukazo kutoka nchi kavu, zilizamisha manowari mbili za Waingereza karibu na Malaya, Prince of Wales na Repulse. Miongoni mwa ndege hizo zilikuwamo zile za Mitsubishi ziitwazo G4M. Februari 1942 Singapore ilianguka. Aprili, ndege zilizochukuliwa na meli zilipiga Colombo na Trincomalee katika Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Ndipo Waingereza walipoleta manowari zao Kilindini, Mombasa, na vita ikawa imetusogelea sisi.

Manowari walizozitaka waliziona Diego Suarez, kule Madagascar. Usiku wa 30 Mei nyambizi ndogo zilijipenyeza bandarini, zikaitoboa manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Katika Juni na Julai nyambizi zao zikazamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Kwa maoni yetu, Dar es Salaam haikuokolewa na ngome wala mizinga. Iliokoka kwa kuwa windo halikuwa hapa.

Hata hivyo watu wetu hawakusalimika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kabla ya dakika tatu kutimia. Walikufa watu wapatao 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana makaburi.

Mabaki ya vyombo vile yako mbali na sisi. I-30 ilifika Ufaransa Agosti 1942, na katika kurudi iligonga bomu la baharini karibu na Singapore tarehe 13 Oktoba, ikazama. Ndege za G4M ziliundwa zaidi ya 2,400, na leo hakuna hata moja irukayo. Moja imelala chini ya maji katika Chuuk, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Nyingine imo msituni Bougainville, katika Papua New Guinea. Hiyo ndiyo aliyofia Amiri Isoroku Yamamoto, mkuu wa manowari za Wajapani, ilipotunguliwa na Wamarekani tarehe 18 Aprili 1943. Wageni hutoka mbali kuiona, lakini hawaifikii bila ruhusa ya wenye ardhi ile. Wazee, hilo la ruhusa tumelipenda sana.

Kwetu eropleni ile haikuacha hata msumari. Siku zile Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba na minazi, na mtoto wa miaka 10 aliyeinua macho mbinguni siku ile, akiwa hai, sasa amepita miaka 90. Twawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa namna hiyo, na kwa watoto wao pia. Waulize kama palisikika mvumo kutoka upande wa bahari, kama watu waliambiwa wazime taa, na ni nani wa ukoo aliyepanda meli Mombasa asirudi. Watakayoambiwa wayaandike kwa wino, pamoja na jina la msemaji na la mtaa wake, na daftari liwekwe katika kabati la shule.