VYOMBO VYETU VYA ASALI

(Hotuba ya Mtunza Vyombo, iliyosomwa kwenye sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Mbagala, 2024)



Nimepewa dakika chache niseme habari za vyombo vya asali. Wenzangu wamepewa hisa, mikopo na mfuko wa jamii, ndiyo mambo makubwa. Mimi nimeachiwa ndoo na machujio. Lakini nadhani kamati ilijua inafanya nini, maana hasara kubwa kuliko zote tulizopata ilitokea ndani ya ndoo, na aliyeisababisha ni mimi.

Wanachama wa zamani mnakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tulichota Sh. 520,000 kwenye mfuko, tukanunua madumu manne ya asali ya Tabora. Tuliona ni biashara nyepesi: unachuja, unajaza chupa, unauza. Vyombo vyetu vilikuwa sufuria la jikoni, kipande cha kanga kuukuu na kata. Asali ilikuwa nzito, haipiti kwenye kanga, basi nikaibandika motoni ipate kulainika. Ilipita, kweli. Iliyobaki nikaiacha wazi kwenye masufuria siku mbili tatu, na masika yameshaanza. Baada ya wiki kadhaa wateja wa Tandika wakaanza kurudisha chupa. Vizibo vimefura, povu linatoka. Mmoja akaniuliza, "Mama, umeniuzia asali au wanzuki?"

Mwenzetu mmoja alikuwa anategemea gawio la mwaka ule kumlipia mwanawe ada. Hakulipata. Alijitoa kikundini, na mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana tu. Nasema haya ili mjue kwa nini ninakuwa mkali mtu akigusa ndoo zangu na mikono yenye maji.

Baadaye ndipo nilipofundishwa kilichotokea. Asali huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa mvua ina maji mengi. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kwamba maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi hapo, hamira za asili zilizomo zinaamka na asali inachacha. Moto wangu uliharibu harufu na rangi. Sufuria wazi likaleta maji.

Mwaka 2019 akatujia mfanyabiashara mmoja na picha za mashine ya kukamulia kwa kuzungusha, pipa linalong'aa lenye mkono wa kuzungushia. Tulikuwa tayari kukopa. Bibi yetu mmoja, mzaliwa wa Sikonge, akauliza swali moja tu: "Fremu ziko wapi?" Tukakaa kimya. Mashine ile, iliyobuniwa Ulaya mwaka 1865, huzungusha sega zima lililomo ndani ya fremu ya mbao. Asali inarushwa ukutani mwa pipa, na sega linarudishwa mzingani nyuki walijaze tena. Sisi asali yetu nyingi inatoka kwenye mizinga ya magogo na ya magome, ambako sega hukatwa na kuvunjwavunjwa. Ukilitia mle utapata uji. Jamani, yule bibi hajui kusoma, lakini siku ile alituokoa na deni.

Tulichonunua badala yake ni hiki. Kwanza, ndoo nyeupe za plastiki ya kuwekea chakula, zenye mifuniko inayobana, mbili kati yake zikiwa na koki chini. Pili, machujio mawili ya waya usioshika kutu, la matundu makubwa linakaa juu ya la matundu madogo, maana ukianza na dogo linaziba mara moja. Tatu, kikamulio cha skrubu cha kubania masega yaliyobaki. Hicho tulichongesha kwa fundi Gerezani, na mara ya kwanza alituletea kilichopigwa rangi ndani. Tukakirudisha. Asali ina uchachu wake, inakula rangi na bati, halafu mteja ndiye anayevila. Nne, kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia maji: unapaka tone, unafunika, unaangalia kwenye mwanga, unasoma namba.

Kipimo hiki ndicho kilichotuletea ugomvi na wauzaji. Dumu la kwanza tulilopima lilisoma 23. Mwenye dumu akawaka, akatoa njiti ya kiberiti, akachovya, akawasha: "Si mnaona inawaka?" Njiti haipimi kitu, ndugu zangu. Wala kuganda si dalili ya sukari; asali safi nayo huganda, unaweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inarudi. Tulimwacha aende na dumu lake. Iliuma, kwa sababu tulikuwa na oda ya harusi.

Na chombo kikubwa kuliko vyote hatukukinunua, nacho ni kusubiri. Asali iliyochujwa inakaa kwenye ndoo ya koki, imefunikwa, siku mbili mpaka tatu. Vipande vya nta, mabawa na mapovu vinapanda juu vyenyewe. Unafungua koki unajaza chupa kutoka chini, na unafunga kabla povu halijafika. Ile ya juu tunakula wenyewe, watoto wanaijua. Ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, hata iwe safi namna gani.

Makapi ya nta tunayayeyusha kwenye maji ya moto, tunachuja, yanaganda juu kama sahani, nayo yana wanunuzi wake. Pia tuliacha kununua kwa dumu tukaanza kununua kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, hivyo dumu la lita 20 lililojaa likipungua sana chini ya kilo 28, bila kuhesabu dumu lenyewe, tunauliza kulikoni.

Tangu hapo hakuna chupa iliyorudi. Lakini, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nembo ya TBS hatuna, na bila nembo ile maduka makubwa hayatupokei. Tunajazia sebuleni kwa Mama Mwenyekiti, watoto wanapita, kuku wanapita. Tunahitaji chumba kimoja chenye sakafu ya vigae, wavu madirishani na mlango unaofungwa. Kiwanja tunacho, na matofali 600 tumeshafyatua. Yapo nyuma ya hema hili, mnaweza kwenda kuyahesabu.

Chupa za kuonja ziko mezani, vijiko vikavu tafadhali.