Paka Anapotapika

Paka hujilamba kutwa, na ulimi wake wenye miiba midogo huzoa manyoya, akayameza. Akitapika donge la manyoya mara moja moja, usihangaike. Mchane tu kila siku. Lakini akitapika kila mara na kukataa chakula, huo ni ugonjwa. Huenda amekula panya mwenye sumu.

Wilayani Mbulu, ambako paka hulinda mahindi, ipo sababu nyingine ya kuwa macho. Mwaka 2007 tauni ilizuka huko, na paka huipata kwa kula panya. Mwili wake ukichemka, akavimba chini ya taya, usimshike kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo. Nawe ukipata homa na mitoki, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Tauni ikiwahiwa hutibika.