Kilwa Kisiwani: Magofu Yenye Wenyewe

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Leo tunakwenda kusini. Kutoka Dar es Salaam tunashika Barabara ya Kilwa, tunavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na baada ya kilomita kama 300 tunafika Kilwa Masoko. Ukifika Nangurukuru usipitilize kwenda Lindi. Kata kushoto, uelekee baharini.

[SAUTI: MAWIMBI, TANGA LIKIPIGWA NA UPEPO]

Sasa tumo ndani ya mashua. Kilwa Kisiwani ile pale, ng'ambo tu. Jengo linalotupokea ni Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505, wakaja Waarabu wa Omani wakaijenga upya. Wageni wengi wakishuka hapa hukimbilia picha. Nakuomba usimame kwanza, usikilize.

[SAUTI: KINU KIKITWANGWA, JOGOO, WATOTO WAKITOKA CHUONI]

Umesikia? Hiki ni kijiji. Watu wanalima, wanavua, wanaozesha watoto wao na kuzika wazee wao humu humu kati ya kuta ambazo UNESCO iliziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na zile za kisiwa jirani cha Songo Mnara. Magofu haya yana wenyewe, na wenyewe wapo.

Tupande sasa hadi Husuni Kubwa, kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba vyake vinazidi 100, na lipo birika la kuogea lenye pembe nane, limechongwa kwa ustadi, likiwa juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akauhesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Sarafu yenye jina la sultani huyu imefukuliwa huko Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari!

[MUZIKI MFUPI]

Mwaka 2004 Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inaula ufuko, mizizi ya miti inapasua kuta. Ikaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Serikali za Japani na Ufaransa zilichangia fedha za ukarabati, na zinastahili shukrani. Lakini fedha haikorogi chokaa. Kazi ile ilihitaji mikono, na mikono ilikuwepo kijijini.

Ngoja nikueleze chokaa inavyopatikana, maana hapa ndipo penye siri ya Kilwa nzima. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa tundu la kuwashia moto. Juu yake hupakiwa mawe ya matumbawe. Moto ukishika, huwaka kwa saa nyingi. Mawe yakiiva huwa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji hufuka mvuke, hupasuka na kuwa unga. Kisha chokaa huachwa ikomae kabla ya kugusa ukuta. Kwa nini wasitumie saruji, ambayo ipo dukani? Kwa sababu saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Chumvi na maji hubaki ndani, jiwe la kale huliwa taratibu mpaka likadondoka. Fundi aliyejifunza kuchoma na kukoroga chokaa kwa wazee wake anaufaa Msikiti Mkuu wa Kilwa kuliko lori zima la saruji. Na wanakijiji waliopanda mikoko ufukoni wameweka kinga inayokua yenyewe.

Basi hapo ndipo utalii unapoingia. Mgeni akiletwa asubuhi na chakula chake na maji yake, akazungushwa saa mbili na kurudishwa bara, kijiji kimebaki na nini? Kijana akiona magofu hayamlishi, atakwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na ule ujuzi wa chokaa utaondoka naye. Naamini kwa dhati kwamba sehemu ya kiingilio inapaswa kubaki kisiwani, na hesabu yake isomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji.

Wewe msafiri una sehemu yako. Kibali kinapatikana Kilwa Masoko, kichukue kabla ya kupanda mashua. Omba muongozaji aliyezaliwa kisiwani. Yeye ndiye atakayekuonyesha kisima kinachotumika na kaburi linalozuriwa hadi leo. Vaa nguo za heshima, kina mama mkumbuke khanga. Mzee ukimkuta barazani, shikamoo kwanza, maswali baadaye, na picha ni kwa ruhusa. Agiza chakula asubuhi kwa kina mama wa kijijini, samaki na wali wa nazi, ili wapate muda wa kupika. Nunua mkeka kwa aliyeusuka, bila kumkaba bei. Na ukitaka kuvuka hadi Songo Mnara, tenga siku nyingine nzima na upatane na nahodha usiku uliotangulia, kwani safari ile huamuliwa na maji kujaa na kupwa.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA]