KIBOKSI CHA SIMU KISIKUPELEKE KISONGO!

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana mjini Karatu)



Leo sizungumzii viti vya Bunge. Nazungumzia kile kiboksi ambacho mtalii, au ndugu yako aliyeko Marekani, anakuachia akisema: "Chomeka kwenye intaneti, upige simu bure."

Kiboksi hakina uchawi. Kinaikata sauti vipande vidogo na kuisafirisha kwenye intaneti. Namba haifuati mtaa, inafuata kiboksi. Ndiyo maana namba ya New York inaweza kulia hapa Karatu, na mteja kule akalipa kama anapiga jirani. Kwa kijana anayetafuta wageni wa kreta, hiyo ni neema.

Lakini sikilizeni. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu 230. Kama adapta haikuandikwa 100 hadi 240, itaungua siku hiyo hiyo. Nyumba ikishika moto, usitegemee kiboksi cha ugenini. Piga 114 kwa simu ya kawaida. Na ukitumia setilaiti iliyo juu kilomita 36,000, neno na jibu lake huchelewa nusu sekunde. Mtaishia kukatana kauli.

Sasa siasa, maana ndiyo iliyotuchelewesha. Hadi Februari 2005, TTCL ilikuwa na haki ya peke yake kwa simu za kimataifa. Mlalahoi kuongea na Ulaya ilikuwa anasa ya wazito. Ukiritimba ule ulikwisha, mtego ukabaki.

Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka kifaa kiidhinishwe na TCRA. Kuongea na shemeji yako ni jambo moja. Kupanga laini nyingi kwenye mashine, ukapokea simu za nje kwa intaneti na kuziingiza mtandao wa ndani kana kwamba zimepigwa hapa hapa, ni jambo jingine. Hilo ni kosa! Wapo waliofikishwa Kisutu, Dar es Salaam, wakasomewa mashitaka ya uhujumu uchumi. Kiasi kikiwa kikubwa, hakimu hana mamlaka ya kutoa dhamana. Atakayesota rumande ni wewe uliyekodiwa chumba, si tajiri mwenye mtambo.

Julai 2023 Kenya ilipoanza kuuza madishi ya Starlink, kwetu leseni ilikuwa bado. Aliyevusha dishi Namanga alibeba kifaa kizuri na kesi juu yake.

Hatusemi mvunje sheria. Tunadai orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa ibandikwe kwa Kiswahili kila duka la simu, ili kijana ajue kabla hajatoa fedha yake, si baada ya kukamatwa.

Tena tunauliza: Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku ile intaneti ilipozimwa, kiboksi kilichoidhinishwa na kisichoidhinishwa vyote vilikuwa makopo matupu. Je, hasara ile ya wananchi nani alishitakiwa kwa kuisababisha?

Nendeni mkaulizane hilo vijiweni.